Barabara Niliyoizoea, na Kaburi la Baba

Mbezi, Dar es Salaam
Kahawa ikiwa kwenye maua huko kwetu

Dada yangu Ostelina,

Shikamoo. Najua hiyo shikamoo umeisoma uso ukiwa umeukunja, na marahaba yake itachelewa kunifikia, maana tangu uliponikatia simu Jumapili ile hujaipokea tena. Basi naiacha hapa kwenye karatasi. Uiitikie siku moyo ukiridhika. Karatasi ina uzuri wake: haikatiki msomaji akikasirika.

Mgongo wako je? Na shemeji, kifua kimempungua? Mahindi mmeyapanda au bado mnaiangalia mvua kama inatania? Sisi huku wazima. Wifi yako Rehema anakusalimu sana, na amesema niandike maneno yake kama alivyoyasema: ukininunia mimi, usimnunie na yeye, kwa sababu yeye hana kaburi wala barabara.

Barua hii anakuletea Betram, yule kijana wa jirani zetu wa ng'ambo ya mto ambaye siku hizi ni dereva wa lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka. Kila akishusha mzigo huku hupita kwangu nimkagulie matairi, na safari hii alinifikishia dagaa wa ziwani, usipa wa mjomba kutoka Lipingo. Umefika ukiwa mkavu vizuri, ila harufu yake na ya makaa zimeshaoana. Tumeula hivyo hivyo. Mpe chai Betram, na kiazi kama kipo. Ni mtu mwema. Tatizo lake ni kuongea tu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nakuona tayari umeshaanza kuruka mistari.

Uliniambia watu wa vipimo wamefika hapo kijijini kwetu Ruanda. Barabara wanayopita malori ya makaa inataka kupanuliwa na kuwekwa lami. Wamepiga alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa jiko lako, na wamechomeka kigingi kwa nyuma ya kaburi la baba, maana yake kaburi lote limo ndani ya barabara. Ukoo utakaa kikao Krismasi, watu wote wakiwa wamerudi, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume pekee wa baba, wamesema neno langu ndilo litakalopelekwa kwa watu wa barabara. Wewe unataka niseme hapana. Baba aliomba mwenyewe azikwe pale chini, kando ya njia, na siyo kule juu ya ntambo wetu, kilima cha ukoo, walikolala babu na mama. Na neno la marehemu halihamishwi na kigingi. Ukaniuliza niko upande wako au upande wa barabara. Mimi nikanyamaza. Ukasema, "Basi baki na barabara zako," ukakata.

Jibu ninalo, dada. Lakini halieleweki bila kukusimulia kwanza habari za barabara niliyoishi kando yake, ile ya zamani, kabla haijapanuliwa. Wewe ulikuja kututembelea ikiwa tayari ni mpya. Ulisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu ukahesabu njia nane, ukasema Wazungu wamekuja lini. Ile nyingine hukuiona. Mimi naikumbuka kila siku.

Nilipofika mjini nilichagua Kimara kwa sababu ya vilima. Watu wengine huchagua mahali kwa sababu ya soko au maji, mimi niliona mteremko nikasema hapa ndipo kwetu. Barabara kuu ya kwenda Morogoro ilipita hapo ikiwa na njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati mstari mweupe uliofutika siku nyingi. Kila dereva aliukumbuka ulikuwa wapi kufuatana na haraka yake. Nchi nzima iliingia mjini kwa mlango huo mmoja. Mahindi ya kwetu, vitunguu, ng'ombe, mafuta, mabasi ya mikoani, maiti wanaosafirishwa kwenda kuzikwa kwao na maharusi wanaotoka kwao, wote walikutana mbele ya banda langu, na hakuna aliyesogea.

Ile foleni, dada, sijui nikufananishie na nini. Lori la nyanya lilianza kupanda kilima nyanya zikiwa kijani, likafika juu zimeiva. Niliona mwanamume akinyolewa ndevu kwenye kiti cha mbele, akamaliza, akafuta povu, gari lake lilikuwa bado mbele ya banda langu. Niliona watu wawili waliokuwa kwenye magari mawili tofauti wakitukanana asubuhi, na ilipofika mchana wanakula miwa ya mtu mmoja. Wachuuzi walipita katikati ya magari na maji, karanga, ramani za dunia, saa za ukutani, siku moja na mbwa mdogo. Alinunuliwa.

Wenye haraka walitanua, yaani walitoka nje ya lami wakapita pembeni penye vumbi kama kwamba pembeni hapakuwa na binadamu. Binadamu tulikuwa sisi. Lami yenyewe kingo zake zilikuwa zimeliwa na mvua, mtu akishusha gurudumu vibaya anakuja moja kwa moja kwangu. Kwa hiyo siwezi kusema ubovu wa barabara ile haukunilisha. Fundi pancha akiomba barabara nzuri ni mnafiki au ana kazi nyingine. Nilikuwa na turubai, kompresa inayokohoa, beseni la maji la kutafutia tundu, na bonge la tairi la lori nililoliegemeza mbele ili liwe bango. Nilikaa pale mwaka hadi mwaka nikitazama. Shule nyingine sikusoma.

Lori likiharibika, dereva alikata matawi akayatandaza barabarani nyuma yake, wenzake wajue. Kwa matawi nilijua habari zote. Matawi yakiwa mabichi, dereva ana hasira bado. Yakinyauka, ameshazoea. Yakikauka kabisa ujue ameshapata mama lishe wa kumkopesha na anajulikana mtaani kwa jina.

Mtu wangu wa pale alikuwa Mzee Kombo. Huyo aliuza kahawa, na birika lake la shaba juu ya jiko la mkaa, na vikombe vidogo alivyokuwa akivigonganisha mkononi ili watu wamsikie kabla hawajamwona. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mbinga. Akaweka birika chini.

"Mbinga ya kahawa?"

"Ndiyo hiyo. Baba yangu analima."

Akanimiminia kikombe, nikamwambia samahani mzee, sijawahi kunywa. "Basi nyie," akasema, "ni kama watu wanaozaa watoto wazuri halafu hawawabebi." Nikanywa kwa aibu. Ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Tangu siku ile niliinywa kila asubuhi, na nilipokuja nyumbani nikamchemshia baba kahawa ya shamba lake mwenyewe, unakumbuka, alionja akaitema akauliza kama hivyo ndivyo wanavyowafanyia watu mjini.

Lakini kahawa haikuwa kazi kubwa ya Mzee Kombo. Kazi yake kubwa ilikuwa kutuvusha.

Maana barabara ile kuvuka hakukuwa na pa kuvukia. Pundamilia alikuwepo zamani, alichorwa, magurudumu yakamfuta. Mtu hakuvuka peke yake. Ulisimama ukingoni ukangoja wenzako, akaja mmoja, akaja mwingine, mpaka lipatikane fungu la watu ambalo dereva akiliona atasita kidogo kwa kuogopa kuchafua gari. Mzee Kombo aliacha birika, akaja mbele, akainua mkono mmoja. Alikuwa hawatazami madereva. Alisema ukimtazama dereva machoni atadhani mmeshasalimiana na kumalizana. Yeye alitazama matairi ya mbele, akiyaona yanapunguza mwendo, yanataka kulala, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, wanangu." Na wote tunaingia.

Tulishikana mikono, dada. Mimi na mikono yangu ya grisi, upande huu sista mwenye vitabu, upande huu dada wa benki mwenye kucha nyekundu ambaye mahali pengine popote asingenipa hata salamu. Alinishika kama ndugu aliyepotea. Tukifika ng'ambo kila mtu anaachia mkono wa mwenzake haraka, anatazama pembeni, kama watu waliokutwa wanafanya jambo la siri. Kesho yake tunashikana tena.

Hapa niweke na kichekesho changu, ili usiseme naandika kama tanzia.

Nyuma ya banda palikuwa na mteremko wa hifadhi ya barabara, mtupu, na mvua kubwa ikinyesha udongo wote ulikuja kuniamkia kwenye kompresa. Nikasema mimi ni Mmatengo, siwezi kuonewa na mteremko. Nikafyeka majani, nikayalaza kwa miraba kama baba alivyotufundisha, kila mraba saizi ya kitanda kidogo, tayari kwa ngoro. Kisha nikakaa.

Rehema akaja, akatazama. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, kwao shamba ni shamba tu. Akaniuliza majani yale ni ya nini. Nikamweleza: udongo unachimbwa katikati ya mraba unafukia majani, panabaki mashimo ya kushika maji, na juu ya matuta unapanda maharage.

"Sasa mbona umekaa?"

Nikamwambia kwetu mwanamume anafyeka na kulaza majani. Kuchimba na kufukia ni kazi ya wanawake.

Dada, alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Akaniambia hiyo kwenu ni huko Mbinga, hapa ni Kimara, na jembe hilo pale. Kwa hiyo mimi Kasiani, mtoto wa kiume pekee, nilichimba ngoro zangu mwenyewe mchana kweupe mbele ya foleni ya nchi nzima. Kama kulikuwa na Mmatengo yeyote kwenye mabasi yale, habari zitakuwa zilifika nyumbani kabla yangu.

Mashimo yakajipanga mteremko mzima kama sega la nyuki. Na watu wa mtaa wakayaona. Hawajawahi kuona ngoro maisha yao. Wakayapima kwa macho, wakaona yamenyooka kupita kazi ya mtu wa kawaida, wakasema: mkandarasi ameanza. Upanuzi wa barabara uliosemwa siku zote ndio huu. Siku iliyofuata mwenye kibanda cha chipsi alikuwa ameng'oa bati zake. Fundi viatu akahama. Mama mmoja alikuja kwangu kwa heshima nyingi akaniita injinia, akaniuliza kama mashimo yatafika kwake. Mwenyekiti wa mtaa akaja na watu nyuma yake, akauliza nani aliyeniagiza.

Mzee Kombo ndiye aliyeniokoa. Alipita katikati na birika lake, akamimina, akamkabidhi mwenyekiti kikombe. "Huyu ni Mmatengo," akasema. "Kwao wanayazika maharage ili yafufuke."

Yalifufuka kweli. Watu waliyanunua mabichi kupitia madirisha ya magari, na mwenye chipsi alirudisha bati zake huku akinitukana kwa jina la kabila langu mpaka alipozoea. Na udongo haukunijia tena.

Ndivyo tulivyoishi. Nikiandika hivi Rehema ananitazama ninavyotabasamu, anauliza naandika barua ya mapenzi.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Watu wa mbali walidhani foleni ndiyo hatari. Sivyo. Foleni ilikuwa ukuta wetu. Gari lililosimama haliui. Sisi tulioishi pale tuliogopa siku barabara ilipokuwa tupu: Jumapili alfajiri, sikukuu, siku ya mpira. Siku hizo madereva waliona lami wazi mbele yao wakawa kama ndama waliofunguliwa. Na siku hizo hizo ndizo ambazo ukingoni hapakuwa na watu wa kutosha kufanya fungu.

Mzee Kombo aligongwa asubuhi ya Iddi. Alikuwa amevaa kanzu mpya na anakwenda kuswali ng'ambo. Birika hakulibeba. Mwenye duka aliyekuwa akifungua mlango aliniambia mzee alisimama ukingoni muda, akageuka huku na huku kuona kama kuna mtu anakuja wa kuvuka naye. Hapakuwa na mtu. Basi akainua mkono kama kawaida yake, akaingia peke yake. Lilikuwa gari dogo, linashuka kilima.

Mimi nilikuwa bado nyumbani. Niliitwa. Sitakueleza nilichokiona, wewe una moyo wa kuota ndoto. Tulimzika siku ile ile mchana, na jioni foleni ilirudi ikakaa pale pale kama kwamba haijui kitu.

Baada ya hapo hata sikumbuki ni muda gani, wakaja wapima wa kweli. Mmoja alirudi nyuma akitazama kwenye kile chombo chao chenye miguu mitatu, akatumbukia kwenye ngoro yangu. Hakuumia. Wakapiga X kwenye nguzo yangu, kwenye chipsi, kwenye msingi wa duka. Watu walilia, dada, sitaki kukudanganya. Wengine walikuwa wamejenga nyumba za maisha yao yote. Mimi nilikunja turubai mwenyewe, nikabeba kompresa, nikaja kukaa huku ndani Mbezi ambako anayekuja kuziba pancha ni yule tu anayenijua. Tingatinga lilipita juu ya maharage yakiwa yametoa maua.

Na leo ni njia nane, na daraja la kuvukia, na taa. Barabara nzuri. Naikasirikia. Hakuna anayekaa mahali hata ukamjua jina. Hakuna wa kunyolewa ndevu. Napanda ngazi za daraja, natembea juu nikiwa na nafasi tele, nashuka upande wa pili bila kumgusa mtu yeyote. Siku nyingine napita pale si kwa sababu nina safari, ila nitazame chini mahali banda langu lilipokuwa, na hata hapo sina hakika, maana hata kilima wamekikata. Ungeniuliza kama ningeirudisha ile ya zamani ningesema ndiyo kabla hujamaliza swali.

Lakini mtaani kwetu, tangu daraja lile lijengwe, hatujaitwa tena asubuhi kwenda kumwokota mtu tuliyemjua. Hilo nalo ni lazima niliandike. Nikilificha nitakuwa nakudanganya.

Sasa turudi kwenye simu yako.

Kabla hujafika kwenye kaburi, ulinipa habari nyingine nyingi: bei ya mbolea, harusi ya kwa kina Kapinga, katekista mpya asiyejua kuimba. Na katikati ya hizo, ukicheka, ukaniambia malori yamezidi, kwamba siku hizi wanawake wa jumuiya yenu mnakutana kwanza kwa katekista, mkitimia ndipo mnavuka wote pamoja kwenda misa. Na kwamba wamekuweka wewe mbele, kwa sababu unawajua madereva wa Ngaka, unainua mkono wanasimama. Ulisema, "Nimekuwa trafiki uzeeni."

Hapo ndipo niliponyamaza. Wewe uliendelea mpaka kwenye kaburi, ukauliza swali lako, ukasema, "Kasiani, upo?" Ulidhani ni mtandao. Nilikuwepo. Nilikuwa namwona Mzee Kombo amevaa kitenge chako.

Betram alipokuja nilimuuliza, bila kumwambia kwa nini, pale kwetu panapitikaje. Huyu anapita mara nyingi kuliko mtu yeyote, na mzigo wa makaa nyuma yake. Aliacha kula.

"Kaka, mimi pale naanza kupiga honi kwenye kona ya kanisa," akasema. "Nikimaliza honi nasali. Lori likiwa limejaa, breki ni ombi tu."

Nikamuuliza kama anakuona.

"Dada Ostelina? Namwona kila Jumapili. Ananiinulia mkono, ananicheka. Mimi sicheki. Na sasa vumbi na mashimo vinatuzuia, tunakwenda pole pole. Wakiweka lami, kaka, hatuwezi kwenda pole pole. Tajiri hakubali."

Unaona, dada. Yale mashimo unayoyalaani ndiyo foleni yenu. Yakizibwa, ukuta unaondoka. Na lami itakuja tu, niseme ndiyo au niseme hapana. Makaa hayawezi kubaki mlimani kwa sababu ya ukoo mmoja. Nikisema hapana, wataipindisha pale pale mbele ya jiko lako, wataiacha nyembamba yenye kona kwa ajili ya kaburi, na malori yatakuja kwa mwendo wa lami kwenye njia ile ile ya enzi za mashimo. Baba atabaki mahali pake. Wewe utainua mkono.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nalisema kwako kwanza kabla ya ukoo, ili usilisikie mbele za watu. Nitasema ndiyo. Baba ahamishwe.

Utasema nimeshakuwa mtu wa mjini. Utasema sikuwepo alipoomba, wewe ndiye uliyekuwa umemshika kichwa. Ni kweli. Lakini nikukumbushe alivyosema mwenyewe, maana ulinisimulia wewe. Alisema alibeba kahawa kichwani kushuka mlima ule miaka yake yote kwa sababu gari halikuweza kufika, basi azikwe chini, magari yakianza kuja ayasikie. Aliitaka barabara, dada. Ameyasikia magari sasa mpaka amechoka, na wewe kila asubuhi unafagia vumbi la makaa juu yake. Sidhani kama aliitaka barabara kwa gharama yako.

Nitakuja mimi mwenyewe kabla ya Krismasi. Sitaki achimbuliwe na watu wa kigeni wenye buti na haraka. Tutamwomba padre, tutakuwa sisi wenyewe, nitachimba kwa mikono yangu, na safari hii sitalaza majani nikakaa. Tutampandisha kule juu alale karibu na mama, ambaye kwa tabia yake atakuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu kumwacha peke yake siku zote hizi.

Na kuna la pili, ambalo ndilo nitakalolipigania kuliko kaburi. Siku watu wa barabara watakapokuja kuchukua neno letu, sitawapa ndiyo tupu. Nitawaambia nataka kuona kwenye mchoro wao matuta kabla ya kona ya kanisa na mahali pa kuvukia panapoeleweka, na nitakaa pale mpaka wanionyeshe kwa kidole. Watanitazama waone fundi pancha. Si kitu, nimezoea. Nitahitaji unisaidie hapo, kwa sababu mimi nina maneno ya kuandika na wewe una sauti. Ukisimama wewe na wanawake wa jumuiya yote nyuma yako, hawatapata pa kupitia.

Kama baada ya haya yote bado unataka kusema hapana, sema kwenye kikao. Nitakusikiliza hadi mwisho, sitakukatiza. Lakini sitabadilisha.

Nisalimie shemeji, na umwambie simwiti upande wowote. Anayelala nyumba moja na wewe ana haki ya kuogopa. Msalimie binti yako mwalimu kule Mbamba Bay, mwambie mjomba wake bado anangoja picha ya mchumba. Mjomba wa Lipingo mwambie usipa umefika na safari ijayo asimkabidhi mtu wa makaa. Shangazi anayetunza funguo za kanisa mwambie nitamletea ile miwani. Katekista mpya nisalimie pia, na kama kweli hajui kuimba, asiimbe siku ya baba.

Gari la Mbinga nitapanda wiki moja kabla ya sikukuu, na nitateremka ng'ambo, upande wa kanisa, mahali magari husimama. Najua tabia yako, utakuwa umeshaliona likipanda mlima na utataka kuja kunipokea mzigo. Dada, nakuomba. Usivuke. Kaa upande wako, hata kama umeshanisamehe. Nitavuka mwenyewe nije.

Mdogo wako akupendaye na anayekuogopa kidogo,

Kasiani